Kamera na Ngoma ya Muheme

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Methali hii tumeifundisha vijana, na tumewasuta nayo watu wengine kwa miaka mingi, kabla haijarudi kutusuta sisi wenyewe. Ilitusuta katika ukumbi wa shule moja ya sekondari mkoani Dodoma, mbele ya walimu, wanafunzi na akina mama wapiga ngoma, pale tulipowasha projekta na kuona kwamba kazi yetu ya siku nzima imeharibika. Nyuso hazikuonekana. Mikono ilikuwa kama moshi. Katika makala haya twapenda kueleza yaliyotufika, namna tulivyotafuta chanzo cha kila ila, na funzo tulilolipata. Kwani twaamini kuwa walimu na wanafunzi wengi watakaoshika kamera ili kurekodi ngoma za kwao watakutana na mkasa kama wetu.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alilitangazia Bunge kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Tangu siku hizo kazi ya kukusanya ngoma, nyimbo na hadithi za nchi yetu imepitia mikono mingi na vyombo vingi. Wako waliotangulia kwa daftari na kalamu. Wako waliofuata na mikanda ya kunasia sauti, ambayo mingi ilipigwa na Redio Tanzania Dar es Salaam. Sisi tulioingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulianza na kinasa sauti cha kaseti, tukikinyoshea kalamu kila kaseti ilipolegea. Leo afisa utamaduni aweza kutia mfukoni kamera ya dijitali inayonasa sauti na picha kwa saa nzima. Jambo hili ni neema. Lakini neema hii ina masharti yake, na sisi hatukuyajua.

Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Mpigaji huikumbatia ngoma kwa mapaja, ngoma yenyewe ikiwa na kiuno chembamba, naye huipiga kwa viganja vyake viwili. Mmoja huongoza na wengine humjibu, na mlio wa kila mmoja huingia katika nafasi iliyoachwa na mwenzake. Ngoma hii ina uhusiano mkubwa na mila za kuwafunda wasichana, kwa hiyo haikuwa mchezo wa kupitisha jioni tu, ilikuwa shule. Na ilimu ya shule hiyo haikai mdomoni. Inakaa viganjani: ni wapi pa kupiga kwa kiganja kizima, ni wapi pa kugusa kwa ncha za vidole, ni wakati gani mkono mmoja unyamaze ili mwingine useme.

Tulifika kijijini wakati wa kiangazi, tukasalimu kwa mbukwenyi, tukapokewa kwa heshima. Tulikuwa na kijana mmoja aliyebeba kamera. Akina mama walikaa chini ya mkwaju, nasi tukasimama mbali kidogo ili tuwapate wote. Nyuma yao kulikuwa na uwanja mweupe kwa jua la alasiri. Jioni tulihamia katika darasa lenye taa za tyubu, tukarekodi tena. Kiongozi wao, bibi mwenye umri mkubwa, alipiga bila kuchoka. Alipomaliza alitunyoshea vidole vyake tuvitazame. "Vimeanza kukakamaa, mwanangu," alisema. "Msimu huu vimenitii. Msimu ujao sijui."

Baada ya wiki tatu tuliwaalika shuleni waje wajitazame pamoja na wasichana waliotarajiwa kujifunza kutokana na picha zile. Tumekwisha kueleza kilichoonekana. Nyuso za akina mama zilikuwa vivuli vyeusi mbele ya uwanja uliowaka. Mikono iliacha ukungu badala ya vidole. Kila ngoma ilipochangamka, picha ilivunjika vipande vya mraba kama sakafu ya vigae. Katika sehemu ya usiku, mistari ya giza ilipanda na kushuka ukutani. Ukumbi ulinyamaza. Ndipo yule bibi alipotugeukia, akasema kwa upole: "Mwanangu, nguo zetu nimeziona. Sisi wenyewe tuko wapi?"

Hatukuwa na jibu. Usiku ule tulianza kuandika barua ya kuomba fedha za kununua kamera kubwa na ya bei ghali. Tulikuwa tumekwisha kuandika kwamba kamera tuliyopewa ni duni na haifai kwa kazi ya taifa. Asubuhi, kabla ya kuituma, tulimsomea mwalimu wa fizikia wa shule ile. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Mmekwisha kuitazama picha yenyewe iliyomo ndani ya kadi, au mmetazama nakala?" Tukanyamaza. Wahenga walisema pia kwamba mchagua jembe si mkulima. Barua ile hatukuituma.

Tukakaa na mwalimu yule siku mbili, tukatafuta ugonjwa kama mganga afanyavyo, yaani dalili moja baada ya nyingine, bila kuzichanganya. Tulianzia mwisho wa safari ya picha, tukarudi nyuma hadi mwanzo wake. Njia hii twaisifu kwa wanafunzi, kwa sababu mtu akianza kwa kuilaumu kamera, hatayafikia makosa yaliyofanyika baada ya kamera kumaliza kazi yake.

Mwisho wa safari ni mahali pa kutazamia. Tulichukua picha ile ile tukaiweka katika kompyuta, madirisha yakiwa yamefungwa. Papo hapo rangi zikaongezeka. Kumbe ukumbini mwanga wa mchana ulikuwa ukiingia na kuifuta picha ya projekta ukutani. Kosa la kwanza, basi, lilikuwa mapazia.

Likafuata suala la nakala. Kijana wetu alikuwa amempelekea mwalimu mkuu picha kwa simu, na nakala hiyo ndiyo tuliyoionyesha, kwa kuwa ilikuwa rahisi kupatikana. Hapa mwalimu wa fizikia alitufungua macho. Rekodi ya kamera yetu ilikuwa ya megabiti 24 kwa sekunde. Yaani dakika moja huchukua kiasi cha megabaiti 180. Nakala iliyopita katika simu haikufika megabaiti 10 kwa dakika. Programu ya kubana picha hufanya kazi kwa ujanja: haiandiki kila picha upya, bali huhifadhi yale yasiyobadilika na kueleza yale tu yanayobadilika. Mtu anayehutubia akiwa amesimama hubanika vizuri, maana ukuta ulio nyuma yake haubadiliki. Ngoma haibaniki hivyo. Mikono inakwenda, mabega yanakwenda, vumbi linapaa, na kila kitu hubadilika kwa wakati mmoja. Programu ikishindwa kueleza yote katika nafasi ndogo iliyopewa, huacha yale madogo na kujaza miraba. Kwa hiyo vile vigae havikuwa kosa la kamera hata kidogo. Tulipofungua rekodi halisi iliyomo ndani ya kadi, miraba yote ilitoweka. Tulimshukuru Mungu kwamba kijana wetu hakuwa ameifuta kadi ili apate nafasi ya picha nyingine.

Lakini nyuso zilibaki nyeusi, na mikono ilibaki moshi. Hizo zilikuwa ila za siku yenyewe.

Kuhusu nyuso, chanzo kilikuwa mahali tuliposimama. Kamera ikiachwa ijipimie nuru yenyewe, huchukulia kwamba dunia yote, ikichanganywa, ina wastani wa rangi ya kijivu. Hutazama mbele yake, hupima, kisha huongeza au hupunguza nuru mpaka wastani huo upatikane. Tulipoielekeza kwenye uwanja uliowaka jua, iliona mwanga mwingi, ikapunguza. Wale waliokaa kivulini wakapunguziwa pamoja na uwanja. Kamera haikujua kuwa uwanja haukuwa na maana kwetu, na kwamba maana yote ilikuwa katika nyuso zile. Dawa yake ni nyepesi. Ama mpigaji picha azunguke ili mwanga uwe nyuma yake au ubavuni, ama aiambie kamera ipime nuru kwenye uso, kisha akifunge kipimo hicho kisibadilike.

Hapa yafaa tukumbushe jambo la historia. Katika siku za filamu, maabara nyingi za Marekani na Ulaya zilirekebisha rangi za picha kwa kulinganisha na kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo, zilizotolewa na Kodak kuanzia miaka ya 1950, zilijulikana kama kadi za Shirley, na katika miaka ya 1990 ndipo kampuni hiyo ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Ni kweli, basi, kwamba vyombo vya picha havikuanza kwa kuwafikiria watu kama yule bibi wa Kigogo. Lakini kulijua jambo hilo ni sababu ya kuongeza uangalifu wetu, wala si kisingizio cha uvivu. Aliyejua kwamba kipimo cha mwenzake hakikumhesabu yeye, hana budi kupima mwenyewe.

Sasa tuitazame mikono. Picha ya video ni mfululizo wa picha tuli, na kila moja hupigwa kwa kufungua njia ya nuru kwa kitambo kidogo. Kivulini na usiku, kamera yetu ilikuwa ikiiacha njia hiyo wazi kwa sehemu moja ya thelathini ya sekunde ili ikusanye nuru ya kutosha. Mwalimu aliandika hesabu ubaoni. Mkono unaokwenda mita 3 kwa sekunde husafiri sentimita 10 katika muda huo. Vidole haviwezi kuonekana, kwani picha moja imevinasa katika kila mahali vilipopita. Muda huo ukipunguzwa hadi sehemu moja ya 250 ya sekunde, mkono husafiri sentimita 1.2 tu, na vidole hurudi kuwa vidole. Lakini njia ikifunguliwa kwa muda mfupi, nuru inayoingia hupungua. Kwa hiyo hapana budi mahali pawe na mwanga mwingi. Kamera ikikosa mwanga hulazimika kukuza kile kidogo ilichokipata, na hapo ndipo picha hujaa chenga. Kwa maneno mengine, anayetaka vidole vya muheme sharti awatafutie wapigaji mwanga kwanza.

Tena tulikuwa tumewavuta karibu kwa kubonyeza kitufe badala ya kusogea kwa miguu. Lenzi ikifika mwisho wa uwezo wake, kamera nyingi hukata sehemu ya katikati ya picha na kuitanua. Picha yenye nukta 1920 kwa 1080, ikibakizwa robo ya upana na robo ya urefu, huwa na nukta 480 kwa 270. Yaani sehemu moja ya kumi na sita ya ile ya awali. Tulikuwa tumesimama mbali kwa heshima, tukidhani kitufe kitatufikisha. Hakikutufikisha.

Mistari ya usiku ilikuwa na kisa cha kupendeza. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za tyubu za aina ya zamani hupepesa mara 100 kwa sekunde, ingawa jicho halioni. Kamera ilikuwa imeachwa katika mpango wa kiwandani wa picha 30 kwa sekunde, unaoafikiana na nchi zenye umeme wa mizunguko 60, kama Marekani. Taa ilikuwa na mwendo wake na kamera mwendo wake, kama wapiga ngoma wawili wasiosikilizana. Kutosikilizana kwao ndiko kulikoonekana ukutani kwa umbo la mistari. Tulibadilisha mpango uwe wa mizunguko 50, na njia ya nuru ifunguliwe kwa sehemu moja ya 50 au ya 100 ya sekunde, na mistari ikaisha.

Mwisho kabisa tuliitazama lenzi yenyewe. Ilikuwa na utando wa vumbi jekundu na alama ya kidole gumba. Mwalimu alipuliza vumbi kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndipo akafuta kwa kitambaa laini, kwa sababu mchanga ukisuguliwa hukwaruza kioo. Ukungu uliokuwa umetanda katika kila picha ulikuwa ni kidole chetu.

Tulirudi kijijini. Tuliomba radhi, tukaeleza makosa yetu bila kuficha, tukaomba kurekodi tena asubuhi, mwanga ukiwa laini. Yule bibi alisikiliza, kisha akauliza jambo ambalo mwalimu wa fizikia asingeweza kuliuliza: "Na safari hii mmejua mnachotaka kukiona?"

Tulisema twataka kuona mikono. Akacheka. Akaketi, akaikumbatia ngoma, akatuita tukae chini kando yake, upande wa kulia. "Ukikaa mbele yangu utaona ngoma ikiuficha mkono," alisema. "Mwanafunzi hakai mbele yangu. Hukaa hapa." Kwa muda wote wa kazi yetu tulikuwa tumewarekodi akina mama kutoka mahali pa mgeni mheshimiwa, penye kiti. Mahali pa mwanafunzi hatukuwahi kufika. Tukaweka stendi ya miguu mitatu chini kabisa, kimo cha magoti, upande aliotuonyesha. Alitueleza mapema ni wapi mkono wa kushoto utabadilisha kazi, ili kijana asije akaigeuza kamera kwa wapiga vigelegele wakati huo huo. Na palikuwa na sehemu moja aliyotuamuru tuzime. "Hii ni ya wenyewe," alisema. "Msichana akifika wakati wake ataipata ndani." Tukazima, tukaondoka, tukangoja mbali mpaka tulipoitwa.

Picha za siku ile ni safi. Kamera ilikuwa ile ile.

Tulipozionyesha shuleni, mapazia yakiwa yamefungwa na rekodi ikiwa ile halisi, wasichana walitazama kimya, kisha mmoja akaanza kupiga dawati kwa viganja. Wengine wakamfuata. Mwalimu alipunguza mwendo wa picha ili waone vidole vinavyotua. Bibi alisimama akapita kati ya madawati, akigusa mkono huu na kuusahihisha ule. Kwa msichana wa kwanza alisimama kwa muda mrefu. "Umeona vizuri," alimwambia. "Lakini picha haina uzito. Njoo nyumbani uniwekee kiganja chako juu ya changu, ujue nabonyeza kiasi gani."

Hilo ndilo tulilotaka kuliandika. Kamera haikuwa na kosa la kutojua muheme. Kujua muheme haikuwa kazi yake. Ilikuwa kazi yetu, na tuliiacha. Takriban kila ila tuliyoikuta katika picha zile ilikuwa na neno la kisayansi la kuieleza, na dawa yake haikugharimu fedha. Lakini nyuma ya ila nyingi palikuwa na kosa moja, nalo ni kurekodi kabla ya kujifunza. Anayejua uso ni muhimu hatauacha uwe kivuli. Anayejua ilimu iko kidoleni hatasimama mbali. Anayejua kwamba alichokichukua ni amana hatakibana na kukitupa.

Kwa hiyo twawashauri walimu na wanafunzi. Picha ikikuudhi, usikimbilie duka. Itazame mahali pengine penye giza. Tafuta rekodi halisi. Kisha uliza habari za nuru, mwendo, umbali na lenzi, kwa mpangilio huo. Rekodi halisi iwekwe mahali pawili, na isifutwe kwa sababu nakala ipo. Na kabla ya yote hayo, nenda ukakae na mwenye ngoma bila kamera, hata siku moja, umuulize mwanafunzi wake hukaa upande gani.

Usiku wa siku ile tuliandika ubeti huu katika daftari letu, nasi twauacha hapa uwe kumbukumbu:

Kamera hujua nuru, haijui lichezwalo,
Ipe mkono uhuru, ueleze uwezalo,
Na mjuzi mshukuru, akufunze ajualo,
Picha ni mlango wetu, mwalimu yungali ndani.

Yule msichana alikwenda nyumbani kwa bibi Jumamosi iliyofuata. Hakuchukua kamera.